Kasha halionekani, mtoto amenuna: utatuzi wa matatizo ya jiokashingi kwa watoto wa Nairobi

Jiokashingi (kwa Kiingereza geocaching) ni mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata majiranukta ya GPS, yaani zile namba za latitudo na longitudo. Ndani ya kasha mna kijidaftari cha kuandika jina, na likiwa na nafasi, mna vitu vidogo vya kubadilishana. Ukimaliza unalirudisha pale pale ulipolikuta. Mtoto wa miaka mitano anauelewa mchezo kabla hujamaliza kumweleza.

Siku ikiharibika, chanzo kwa kawaida ni kungoja. Mtoto anangoja simu ishike setilaiti, anangoja baba asome ramani, anangoja mama aelewane na askari wa geti, halafu anaambiwa kasha halipo. Kwa hiyo unapoona dalili yoyote kati ya zilizo hapa chini, jiulize kwanza mtoto anangoja nini. Mengi ya kungoja huko yangeweza kuondolewa jana yake jioni, mkiwa bado nyumbani.

"Nimechoka, twende nyumbani," na ni dakika kumi tu

Tazama kasha mlilochagua. Ukurasa wa kila kasha kwenye tovuti au programu ya mchezo, geocaching.com, una alama mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5 kwa kupanda nusu nusu. Ya kwanza ni ugumu wa kulitafuta, ya pili ni ugumu wa njia. Siku ya kwanza zote mbili zisizidi 1.5. Njia ya alama 1 inapitika hata kwa kiti cha magurudumu; ya 2 inamfaa mtoto anayetembea mwenyewe bila kuomba kubebwa. Makasha ya alama 3 na kuendelea yaacheni hadi siku mtoto mwenyewe atakapotaka.

Kisha tazama ukubwa. Wazazi wengi wanakosea hapa, na kosa lenyewe halionekani mpaka mwisho wa safari. Kasha lililoandikwa Micro lina ujazo wa chini ya mililita 100. Kuna dogo zaidi, nano, la chini ya mililita 10, ambalo linatoshana na ncha ya kidole na ndani yake mna ukanda wa karatasi uliokunjwa kama sigara. Mtu mzima anafurahia ujanja wa maficho. Mtoto aliyeahidiwa hazina, akatembea nusu saa juani, kisha akapewa kikaratasi, anaona amedanganywa, na ana haki. Mchagulie Small, ambalo ni mililita 100 hadi lita 1, au Regular, lita 1 hadi 20. Hayo yana nafasi ya gololi, stika na vikatuni.

La tatu ni historia ya kasha. Soma kumbukumbu tano za mwisho, yaani yale waliyoandika waliolitafuta kabla yenu. Nairobi haina makasha mengi kama miji ya Ulaya, na kasha ambalo mwenyewe amehama hubaki bila mtu wa kulitazama. Ukiona watu wawili mfululizo wameandika kwamba hawakulipata, achana nalo hata kama liko karibu na kwenu. Lililopatikana ndani ya miezi miwili iliyopita ndilo la kuanza nalo.

Mwisho, umbali. Kipimo kinachofaa: mtoto wa miaka sita au chini yake, kasha liwe ndani ya mita 300 kutoka getini au mahali mlipoacha gari, wa miaka saba hadi tisa, kilomita moja, wa kumi na zaidi, kilomita mbili au tatu. Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000, na mtu anayetazama ramani kwenye kochi huona maporomoko na mapango yako karibu tu. Akifika na mtoto wa miaka mitano ndipo anapojua urefu wa njia. Kwa siku ya kwanza bustani ya miti ya Arboretum inafaa zaidi: ina hekta 30 hivi, njia zake zinakutana kila baada ya muda mfupi, na mtoto akichoka mko karibu na geti.

Kama kasha ni zuri na bado mtoto ananung'unika, huenda hana kazi. Kumfuata baba aliyeinamia simu si kazi. Wa miaka minne hadi sita mpe kazi ya kutafuta na kuchagua kitu cha kubadilishana. Wa saba hadi tisa asome umbali kwa sauti, "themanini, sabini, hamsini na tano," na wenzake wamsikilize. Wa kumi na kuendelea abebe simu na aamue njia, hata akikosea kona moja. Nawe ukiliona kasha kwanza, usilinyooshee kidole. Sogea pembeni na useme "baridi" anapoenda mbali, "moto" anapokaribia. Ukimwonyesha, umeuchukua mchezo.

Simu inasema tumefika, lakini hakuna kitu

Hili ndilo linaloulizwa zaidi, na simu haijaharibika. Simu ya kawaida, mahali palipo wazi, inakosea kwa mita 5 hivi. Aliyeficha kasha naye alitumia kifaa chenye kosa la namna hiyo hiyo. Makosa mawili yakiangukia pande tofauti, mko mita 10 kutoka kwenye kasha huku skrini inasema sifuri. Mduara wenye nusukipenyo cha mita 10 una eneo la mita za mraba 314. Ndiyo sababu mtoto anayechimbua pale pale mshale ulipokoma hapati kitu.

Chini ya miti mirefu iliyoshonana kosa linaongezeka. Katikati ya jiji, kwenye barabara kama Kenyatta Avenue, mawimbi hugonga kuta za majengo marefu kabla ya kufika kwenye simu, na nukta yako kwenye ramani inaruka kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine ingawa umesimama tu.

Mwambie mtoto mkubwa kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi zamani. Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kosa lilifika mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa mwanzoni mwa Mei 2000, na tarehe 3 mwezi huo huo Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti. Mchezo ulianzia hapo. Kwa hiyo mita 10 za kutafuta kwa macho ni sehemu ya mchezo tangu mwanzo.

Fanyeni hivi:

1. Umbali ukifika mita 10, simu iingie mfukoni. Kuanzia hapo inawapotezea muda.
2. Mtoto wa miaka saba apige hatua 20 za kawaida kutoka hapo kwenda mbele, arudi, kisha nyuma, kulia na kushoto. Hatua zake 20 ni kama mita 10. Kila mwisho aweke alama: kofia, fimbo, chupa ya maji. Sasa uwanja wa kutafuta una mipaka, na watoto hawatawanyiki.
3. Muulize, "Ungekuwa wewe, ungeficha wapi?" Swali hili linafanya kazi kuliko maelekezo yoyote.
4. Tafuteni kitu kisichofanana na jirani zake. Kwenye shina la mti lenye uwazi chini, angalieni kama kuna vijiti vitano au sita vimelazwa sambamba kama kuni za kuuza. Upepo unaangusha vijiti ovyo. Vikilala pamoja namna hiyo vimelazwa na mkono wa mtu. Jiwe ambalo upande wake wenye udongo mbichi umetazama juu limegeuzwa karibuni. Gome lililoegemezwa bila kushikana na mti, vivyo hivyo.
5. Dakika 10 zikipita, fungueni dokezo.
6. Dakika 20 zikipita, acheni.

Dokezo lenyewe ni mchezo ndani ya mchezo. Kwenye tovuti limefichwa kwa kubadilisha herufi: andika A hadi M mstari wa juu, N hadi Z chini yake, na kila herufi ibadilishane na mwenzake wa juu au wa chini. A inakuwa N, B inakuwa O. Programu inafungua kwa kubonyeza mara moja, lakini mtoto wa miaka tisa aliyefungua mwenyewe kwa penseli halisahau dokezo hilo. Andikeni mistari hiyo miwili kwenye kadi kabla ya kutoka. Kwa kuwa madokezo mengi ni ya Kiingereza, mtafsirie mdogo mara moja asingoje.

Kama bado mna hamu na nafasi ni ya wazi, rudini nyuma mita 30, ngojeni nusu dakika simu itulie, kisha mkaribie tena kutoka upande mwingine. Wekeni alama pale simu inaposema sifuri. Rudieni kutoka upande wa tatu. Katikati ya alama hizo tatu ndipo pa kutazama kwanza.

Mkiacha, rekodini kwenye programu kwamba hamkulipata. Wachezaji wanaiita DNF, kifupi cha Did Not Find. Mtoto aandike mwenyewe kwa maneno yake. Taarifa hiyo inamsaidia mwenye kasha kujua aende akaangalie, na mtoto anaona safari yake imekuwa na faida. Baada ya DNF msielekee kasha lingine gumu. Nendeni kwenye lile rahisi mliloweka akiba, na mnapopanga safari hakikisheni lipo. Makasha mawili ya kukosa mfululizo yanatosha kumfanya mtoto wa miaka sita akatae safari ya wiki ijayo.

Mshale unazunguka kama pia

Ukiwa umesimama, simu inajua uko wapi lakini inategemea dira yake ndogo kujua umeelekea wapi, na dira hiyo inadanganyika upesi. Kava yenye sumaku ya kufunga ndiyo inayoongoza kwa kuivuruga, kwa hiyo ivue. Sogea mbali na gari, uzio wa chuma au kibanda cha mabati. Kisha shika simu na uchore nayo namba nane hewani mara tano au sita, huku ukigeuza mkono. Mpe mtoto afanye hivyo. Ni kazi anayoipenda.

Kama bado inayumba, tembea mita 15 kwa mstari mnyoofu. Simu ikishaona umetoka wapi kwenda wapi, haihitaji dira.

Nukta ikiwa inahama kwa mamia ya mita, hiyo si dira tena. Fungua mipangilio ya ruhusa za programu. Tangu Android 12 na iOS 14, simu inaweza kuipa programu eneo la kukadiria tu badala ya eneo kamili, na wengi walibonyeza chaguo hilo bila kusoma. Washa eneo kamili. Zima pia hali ya kuokoa betri, kwa sababu inapunguza mara ambazo simu inasikiliza setilaiti. Ukihofia chaji, beba pawabenki na upunguze mwanga wa skrini.

Bando likiisha msiogope. GPS haihitaji data. Kinachohitaji data ni ramani na ukurasa wa kasha. Pakueni vyote viwili nyumbani. Ila simu isiyo na data inachukua muda zaidi kushika setilaiti mara ya kwanza, hivyo iwashe eneo mkiwa bado kwenye matatu au kwenye foleni ya geti, mtoto asije akasimama njiani akikusubiri.

Namba zimetupeleka kwingine kabisa

Makasha huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, kwa mfano S 01° 17.500 E 036° 49.000. Mtoto anayeingiza namba kwa mkono anakosea kwa njia tatu, na kila moja ina alama yake.

Akiweka N badala ya S, ramani inaruka kaskazini zaidi ya kilomita 280, hadi upande wa Maralal kule Samburu. Nairobi iko kusini mwa ikweta, lakini programu nyingi huanza na N. Hilo angalieni kwanza.

Akizichukulia dakika kama desimali za nyuzi, akaandika 1.17500 na 36.49000, nukta inaangukia kama kilomita 39 kutoka mahali penyewe, kaskazini-magharibi, chini katika Bonde la Ufa. Mkiona ramani inaonyesha bonde hali mlikuwa mnakwenda Arboretum, kosa ni hilo. Badilisheni muundo wa namba kwenye mipangilio, au gawanyeni dakika kwa 60: 17.5 kwa 60 ni 0.29167, basi latitudo ni -1.29167.

Akikosea tarakimu moja baada ya nukta, umbali wa kosa unakuambia ni tarakimu ipi. Ya kwanza ikipungua au kuzidi kwa moja, mmehama mita 185. Ya pili, mita 18 na nusu. Ya tatu, chini ya mita 2, na hiyo haina neno. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, vipimo hivi ni karibu sawa kwa latitudo na longitudo, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawana. Ni somo zuri la hesabu kwa mtoto wa darasa la tano au la sita.

Askari anakuja, au watu wanatutazama

Nairobi, mtu anayezunguka ukuta akichungulia chini ya benchi huku ameshika simu anatiliwa shaka, na wanaomtilia shaka wana sababu. Usingoje akufuate. Ukimwona askari au mlinzi, mwendee wewe kwanza, watoto wakiwa nawe: "Habari ya kazi, mkubwa. Tuko na watoto hapa, tunacheza mchezo wa kutafuta kisanduku kwa kutumia simu. Tunaweza kuangalia pale chini ya ule mti kwa dakika kumi?" Mwonyeshe ukurasa wa kasha. Akikataa, ondokeni na shukrani. Msibishane mbele ya watoto, na msirudi kwa mlango wa nyuma. Kasha lolote linaloonekana kuwa karibu na ubalozi, kituo cha polisi, reli au jengo la serikali liondoeni kwenye orodha bila kujadili.

Simu mkononi kando ya barabara ni mwaliko kwa mnyang'anyi wa bodaboda. Barabarani simu ikae mfukoni, watoto wafuate ramani mliyochora kwenye karatasi, na itoke mkiwa ndani ya geti. Mtoto anayebeba simu aivae kwa kamba shingoni.

Jina la kuandika kwenye kijidaftari na kwenye programu liwe la timu, si jina halisi la mtoto. Waacheni walichague wenyewe. Kazi hiyo inamaliza safari nzima ya matatu bila mtu kuuliza mtafika saa ngapi. Picha mtakazopandisha zisionyeshe sare ya shule wala geti la kwenu.

Tumbili, siafu na thabai

Tumbili na kima wa Arboretum na City Park wanajua sauti ya mkoba unapofunguliwa. Ndizi mkononi mwa mtoto itachukuliwa, na mtoto ataogopa msitu kuanzia hapo. Kuleni mkiwa mbali na kasha, mkoba umefungwa zipu, na mtu mzima ndiye atoe chakula, kipande kimoja kimoja.

Siafu hutoka zaidi wakati wa mvua, ile ndefu ya Machi hadi Mei na fupi ya Oktoba hadi Desemba. Kabla watoto hawajasimama kutafuta, mtu mzima atazame chini mduara wote. Soksi ndefu, suruali ndani ya soksi. Thabai, mmea unaowasha ngozi, humea kando ya njia zenye kivuli na unyevu. Majani yake yakigusa goti tupu, msako umekwisha kwa saa nzima. Suruali ndefu tena.

Sheria moja isiyo na mjadala: mkono hauingii mahali ambapo jicho halijafika. Shimo la mti linaweza kuwa na nyuki au nyoka. Mtoto ainame, mtu mzima amulike kwa tochi ya simu, kisha kijiti kiguse kwanza, ndipo mkono wenye glavu uingie.

Anzeni saa tatu asubuhi. Jua la Nairobi huzama mwaka mzima karibu na saa kumi na mbili na nusu, na chini ya miti giza linaingia nusu saa kabla. Malipo ya getini, kwa misitu na mbuga, ni ya simu, basi salio liwepo kabla hamjafika na mtoto hajasimama kwenye foleni akiona wenzake wanaingia.

Kasha limepatikana, sasa wanagombana

Gombano linatokana na kitu kimoja kizuri ndani ya kasha na watoto wawili nje yake. Kila mtoto awe na mfuko wake wa vitu vya kubadilishana, vitano hivi, alivyochagua mwenyewe: gololi, kifutio kipya, shanga, stika, sarafu ya nchi nyingine. Kanuni ni kwamba ukichukua, unaacha cha thamani ileile au zaidi. Asiye na cha kuacha hachukui. Anayefungua kasha leo hafungui linalofuata. Waambieni hayo kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu kasha likishafunguliwa hakuna anayesikia.

Chakula hakiingii kasha kamwe, hata peremende iliyofungwa. Ndoo ya kwanza kabisa ya Mei 2000 ilikuwa na mkebe wa maharagwe, lakini tangu hapo wachezaji wamejifunza: harufu inaita wanyama, na mnyama akishatafuna kasha mvua inamaliza kazi. Viberiti, visu, dawa na mafuta ya kupaka pia la.

Mkikuta kitu kimefungwa kibati chenye namba, kama Travel Bug, hicho si zawadi. Kinasafiri kutoka kasha hadi kasha, na mwenyewe anafuatilia safari yake kwenye tovuti. Mtoto anaweza kukichukua ikiwa tu atakipeleka kwenye kasha lingine karibuni. Kama hamna uhakika wa kutoka tena mwezi huu, mwacheni aandike namba, aione safari yake kwenye ramani, na akirudishe.

Kasha limelowa

Maji yanapita kwenye kifuniko. Shika mkebe juu ya mwanga na utazame mpira wa kifuniko: punje moja ya mchanga, au unyasi mwembamba kama uzi, inatosha kuacha njia. Mtoto apitishe kidole kuzunguka mpira wote, apanguse kwa kitambaa kikavu, kisha abonyeze klipu zote nne na asikie kila moja inalia. Klipu tatu hazitoshi.

Bebeni karatasi kavu za akiba zilizokatwa na penseli yenye kichongeo. Wino wa kalamu unachuruzika kwenye karatasi yenye unyevu, penseli inaandika. Vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa kutupia ndani, ila viwekeni kwa mkono wa mtu mzima ili mdogo asivitie kinywani.

Wachezaji wa nchi nyingine hufunga kijidaftari kwa mfuko wa plastiki. Msiige. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika misitu, mbuga na fukwe zinazolindwa. Kichupa kidogo cha vidonge chenye kifuniko cha kuzungusha, kilichooshwa na kukaushwa, kinahifadhi karatasi vizuri kuliko mfuko. Kwa maji ya kunywa, bebeni chupa za kujaza tena. Kasha likiwa limepasuka kabisa, msilibadilishe kimya kimya. Ripotini kwenye programu kwamba linahitaji matengenezo.

Hakuna kasha la karibu, au yote tumeshayapata

Tengenezeni ya kwenu kwa siku moja, ndani ya mtaa au kiwanja cha jamaa. Mnahitaji mikebe minne ya nusu lita, karatasi, penseli na simu mbili. Ombeni ruhusa kwa mwenye kiwanja au kamati ya mtaa, na mwambieni mlinzi wa geti mikebe iko wapi. Kila mkebe uandikwe nje kwa herufi kubwa kwamba ni mchezo wa watoto.

Mikebe iwe mita 40 au zaidi kutoka mmoja hadi mwingine. Ikikaribiana kuliko hapo, kosa la simu linawachanganya watoto wakatafuta mkebe wa pili mahali pa kwanza. Chagueni sehemu zenye anga wazi juu, msizike kitu ardhini. Kwa kila mkebe, laza simu juu yake dakika mbili, andika namba, ondoka, rudi baada ya dakika kumi, andika tena, na mara ya tatu. Chukua wastani wa hizo tatu. Wanaoficha wasiwe wanaotafuta: mkubwa wa miaka kumi na mmoja anaficha, mdogo anatafuta, kisha wanabadilishana.

Mkipenda kuweka kasha la kudumu na kulitangaza kwenye tovuti, masharti yanaongezeka: ruhusa ya mwenye ardhi, mita 161 kutoka kasha lingine, mkaguzi wa kujitolea kulipitia kabla halijachapishwa, na nyinyi kulitembelea mara kwa mara. Hilo lisubiri mpaka watoto wawe wamepata makasha ishirini hivi ya wengine, wameona yaliyolowa na yaliyotunzwa.

Yale manne ya mtaani mkayakusanye jioni hiyo hiyo. Hesabuni vifuniko.